Shajara ya mradi: kuingia ndani ya SQLite kama unavyoingia kwenye saraka

Siku ya 1

Kila siku nafungua hifadhidata za SQLite, yaani majedwali ya data yaliyofungwa ndani ya faili moja. Zimejaa kila mahali: vivinjari huweka historia humo, programu za simu huweka ujumbe na mipangilio humo, na programu ninazoandika mwenyewe nazo huishia humohumo. Utaratibu ni uleule: nafungua terminali, naandika `sqlite3`, kisha `.tables`, kisha `SELECT`, nasahau jina la safuwima, narudi kwenye `.schema`, naanza tena. Pembeni yangu Midnight Commander, programu ya kusimamia faili ndani ya terminali, iko wazi, na humo naingia kwenye zip na tar kwa kubonyeza Enter tu. Nataka SQLite nayo iwe hivyo. Nibonyeze Enter juu ya faili, nione majedwali kama saraka, nibonyeze F3 nisome.

Njia ipo tangu zamani. Midnight Commander, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza mwaka 1994, ina kitu kinaitwa extfs, kinachoruhusu skripti ya nje kuonyesha yaliyomo kwenye faili kama saraka, na huo ni mlango kwa mtu asiyetaka kuandika C wala kugusa kerneli. Unaandika skripti kwa lugha yoyote, unaipa ruhusa ya kutekelezwa, unaiweka kwenye `~/.local/share/mc/extfs.d/`. Jina la skripti linakuwa jina la mfumo pepe wa faili. Yangu nimeiita `sqlt`, kwa hiyo njia itasomeka `duka.db/sqlt://`.

Mkataba wenyewe ni mfupi. Programu inaiita skripti na kuipa amri, jina la faili la hifadhi, na mengine yanayohitajika:

    sqlt list     HIFADHI
    sqlt copyout  HIFADHI  JINA_LA_NDANI  FAILI_LA_KUANDIKIA
    sqlt copyin   HIFADHI  JINA_LA_NDANI  FAILI_LA_KUSOMA

Kuna na `rm`, `mkdir`, `rmdir` na `run`. Amri usiyoitaka unatoka kwa namba isiyo sifuri, mambo yanaishia hapo. Nimechagua Python kwa sababu moja tu: moduli ya `sqlite3` inakuja nayo, kwa hiyo atakayeichukua skripti hii hatalazimika kusakinisha kitu kingine.

Usiku nimeandika mifupa. `list` inachapisha mstari mmoja wa uongo, `copyout` inaandika sentensi moja kwenye faili. Nimebonyeza Enter, faili la uongo likaonekana kwenye paneli. F3, sentensi ikafunguka. Nimefurahi kuliko kazi yenyewe ilivyostahili.

Siku ya 2

Leo siku nzima imeliwa na tarehe.

`list` inatakiwa kutoa mistari inayofanana na ya `ls -l`: ruhusa, idadi ya viungo, mmiliki, kundi, ukubwa, tarehe, jina. Mimi nikaandika tarehe jinsi ninavyoiandika kila mahali, mwaka mbele:

    -r--r--r-- 1 1000 1000 412 2024-03-14 10:30 wateja/_muundo.sql

Paneli tupu. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna onyo. Nikaiendesha skripti kwa mkono kwenye terminali, mistari ikatoka vizuri. Nikarudi kwenye paneli, tupu. Nikadhani ni ruhusa, nikadhani ni saraka isiyo sahihi, nikaongeza `print` za kuchunguza, ambazo hazikuonekana popote kwa sababu kila kinachochapishwa na `list` huhesabiwa kuwa ni sehemu ya orodha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mstari usiosomeka hautolewi makosa, unarukwa tu. Na mwaka-mwezi-siku haimo kwenye namna zinazokubaliwa. Zinazokubaliwa ni za aina ya `Mar 14 2024 10:30`, au ya tarakimu tupu ambayo mwezi unatangulia, siku inafuata, mwaka unamalizia:

    -r--r--r-- 1 1000 1000 412 03-14-2024 10:30 wateja/_muundo.sql

Nimechukua hii ya tarakimu. Haina jina la mwezi, kwa hiyo haijali kompyuta imewekwa lugha gani.

Mambo mawili nimeyaweka kabla sijalala. Ujumbe wote wa kuchunguza sasa unaandikwa kwenye faili la kumbukumbu lililo nje, kamwe si kwenye mkondo wa matokeo. Na nimeandika kijaribio kidogo kinachoendesha `list` na kuukagua kila mstari dhidi ya muundo unaokubalika, ili siku nyingine kosa kama hili lipige kelele.

Siku ya 3

Ukubwa wa faili. Nilitumia `length()` ya SQLite, na kwa maandishi mengi namba ililingana. Kisha nikafungua safumlalo yenye neno ng’ombe lililoandikwa kwa ile ritifaa iliyopinda (’). `length()` inasema 7, kwa sababu inahesabu herufi na alama. Faili lililotolewa lina baiti 9, kwa sababu ritifaa ile peke yake inachukua baiti 3 katika UTF-8. Nimebadilisha kuwa `length(CAST(x AS BLOB))`. SQLite mpya, kuanzia 3.43 ya mwaka 2023, zina `octet_length()` inayofanya kazi hiyohiyo, lakini nataka skripti ikubalike hata kwenye mashine za zamani.

Siku ya 5

Leo nimeuvunja muundo wote na kuanza upya, na sijuti.

Wazo la kwanza lilikuwa zuri kulitazama: kila jedwali saraka, kila safumlalo saraka ndani yake, kila safuwima faili. Kwa hifadhidata ya majaribio yenye safumlalo 30 lilipendeza. Kisha nikalijaribu kwa jedwali lenye safumlalo 200,000 na safuwima 12. Hiyo ni mistari 2,400,000 ya faili, bado saraka zenyewe. Paneli iliganda, feni ikaanza kuvuma, nikaiua.

Tatizo si Python. Tatizo ni kwamba extfs inauliza mara moja tu, na inauliza mti mzima. Haiji kusema “nipe yaliyomo kwenye saraka ya wateja”. Inasema “nipe kila kitu”, inakipokea, inakihifadhi kwenye kumbukumbu, na kuanzia hapo unapotembea kwenye saraka unatembea ndani ya ile nakala. Mtu anayetaka kuulizwa saraka kwa saraka aende FUSE, njia ya kuunda mfumo wa faili bila kuandika kerneli, na huko ni mradi mwingine na majukumu mengine.

Kwa hiyo safumlalo sasa zimefungwa mafungu, elfu moja kwa kila faili la CSV. Ndani ya saraka ya jedwali kuna `_muundo.sql`, kuna mafaili ya mafungu, na kuna saraka za safuwima zile tu zenye maandishi marefu au data ya baiti kama picha. Jedwali lililoniua asubuhi sasa linatoa mistari 200 na kidogo.

Mafungu ndiyo yaliyonionyesha kosa kubwa zaidi. Niliyapa namba kwa mpangilio, fungu la 1, la 2, la 3, na ndani ya `copyout` nikatumia `LIMIT 1000 OFFSET` kadhaa. Mafaili ya safuwima nayo nikayapa namba kwa mpangilio uleule. Nikafungua orodha, kisha kwenye dirisha la pili nikafuta safumlalo moja ya mwanzoni, nikarudi na kubonyeza F3 juu ya faili namba 58. Ikafunguka barua ya mtu wa 59.

Nimekaa nikiitazama ile skrini kwa muda. Kama ingekuwa hitilafu ya wazi nisingeogopa. Hii ilikuwa inatoa jibu safi, lenye umbo sahihi, la mtu mwingine.

Chanzo ni kwamba `list` na `copyout` ni michakato miwili tofauti. Ya kwanza imeshakufa wakati ya pili inazaliwa. Hakuna kigezo kinachobaki, hakuna muunganisho unaobaki wazi, hakuna muamala unaozishika zote mbili. Kitu pekee kinachovuka kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine ni jina la faili nililolichapisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo jina lazima libebe utambulisho wote wa kile kitu, na mahali kilipokaa kwenye foleni si utambulisho.

Sasa majina yanabeba `rowid`, namba ambayo SQLite huipa kila safumlalo ya jedwali la kawaida. Fungu linaitwa `57000-57999.csv` na linasomwa hivi:

    SELECT * FROM "wateja" WHERE _rowid_ BETWEEN ? AND ?

Safumlalo ikifutwa katikati, fungu linapungua moja, halihami. Faili la safumlalo iliyofutwa linakosekana, na `copyout` inatoka kwa namba 1. Hilo ni jibu la kweli. Nimeandika `_rowid_` badala ya `rowid` kwa makusudi, maana hakuna kinachomzuia mtu kuipa safuwima yake ya kawaida jina la rowid.

Angalizo la kujikumbusha: kwenye jedwali lisilo na `INTEGER PRIMARY KEY`, amri ya `VACUUM`, inayoipanga upya hifadhidata, inaweza kuzibadilisha hizo rowid. Mtu akiifanya huku paneli iko wazi, majina yatakuwa yamepitwa na wakati. Nimeliandika kwenye maelezo ya skripti, juu kabisa.

Siku ya 6

Kama jina linabeba kila kitu, basi jina lenyewe lilindwe.

SQLite inakubali jedwali lenye jina lolote, hata lenye mkwaju, nafasi au mstari mpya ndani yake. Jedwali liitwalo `mapato/matumizi` kwenye orodha yangu lilizaa saraka ya mapato yenye saraka ya matumizi ndani. Nimetumia `urllib.parse.quote` na kuiambia iache nafasi kama zilivyo, ili majina ya kawaida yasomeke. Mkwaju unakuwa `%2F`, na `copyout` inaurudisha ulivyokuwa.

Isipokuwa kwamba niliurudisha kwa majedwali nikasahau safuwima. Hapa SQLite ina tabia ambayo kila anayeitumia aijue. Nilikuwa na safuwima inayoitwa `maoni/ushauri`. Skripti ikatuma:

    SELECT "maoni%2Fushauri" FROM "wateja" WHERE _rowid_ = 118

Safuwima hiyo haipo. Nilitarajia kosa. Badala yake kila faili nililofungua lilikuwa na maneno `maoni%2Fushauri`, hayo tu. Kitu kilicho ndani ya alama za nukuu mbili kisipopatikana kama safuwima, SQLite inakichukulia kuwa ni maandishi ya kawaida na kuyarudisha. Ni urithi wa kuvumilia SQL iliyoandikwa vibaya, na umebaki.

Dawa ni ndogo: ipe safuwima jina la jedwali mbele yake. `SELECT "wateja"."maoni%2Fushauri"` haiwezi kugeuzwa maandishi, kwa hiyo inapiga kelele mara moja: hakuna safuwima kama hiyo. Nimepitia skripti nzima na kuziandika zote hivyo, kisha ndiyo nikasahihisha lile la kurudisha jina.

Jambo la pembeni: orodha nzima sasa inaandikwa kama baiti kupitia `sys.stdout.buffer`. Nilichoka kutegemea mazingira ya lugha ambayo skripti inaitwa ndani yake. Na `text_factory` nimeiweka iwe `bytes`, kwa sababu zipo hifadhidata zenye maandishi yasiyo UTF-8 halali, na Python ikikutana nayo inakataa swali zima kwa ajili ya safumlalo moja mbovu.

Siku ya 7

Kufungua faili kwa usalama. `sqlite3.connect` ya kawaida, ikipewa jina la faili lisilokuwepo, inaliunda. Chombo cha kutazama hakitakiwi kuunda kitu. Kwa hiyo nafungua kwa anwani ya aina ya URI yenye `?mode=ro`, na `uri=True`.

Ikafanya kazi mpaka nilipofungua faili lenye alama ya `#` kwenye jina. Katika URI alama hiyo inaanzisha kipande kingine, kwa hiyo SQLite ililisoma jina likiwa limekatwa, ikasema haiwezi kufungua hifadhidata. `Path(...).resolve().as_uri()` inazifunga alama hizo zote. Mstari mmoja.

Nimeongeza pia ukaguzi wa baiti 16 za kwanza, ambazo kwa faili la SQLite ni maneno `SQLite format 3` na baiti ya sifuri mwishoni. Sababu ni kwamba `connect` hailisomi faili papo hapo. Kosa la “hii si hifadhidata” linakuja baadaye, kwenye swali la kwanza, na wakati huo unaweza kuwa umeshachapisha nusu ya orodha. Faili tupu lenye baiti 0 nalipitisha, kwa kuwa SQLite yenyewe inalikubali kama hifadhidata isiyo na kitu.

Na hili la WAL, faili la pembeni ambamo SQLite inaweza kuandika mabadiliko kwanza: nilinakili faili la `.db` kutoka kwenye programu iliyokuwa inaendelea kufanya kazi, nikaona safumlalo za mwisho hazimo. Skripti haikuwa na kosa. Zilikuwa bado kwenye faili jirani lenye mwisho wa `-wal`, ambalo sikulinakili.

Siku ya 10

Kuandika. Nilisitasita siku tatu kama `copyin` iwepo. Nimeamua iwepo kwa mafaili ya safuwima peke yake. Kusahihisha safumlalo elfu moja kupitia CSV ni kujitafutia maafa, na sitaiweka hata mtu akiniomba.

Mara ya kwanza: F4 ya kuhariri, nikarekebisha maelezo, nikahifadhi, nikatoka. Hakuna malalamiko yoyote. Nikafungua tena, ya zamani yako palepale. Moduli ya `sqlite3` inafungua muamala yenyewe unapotuma `UPDATE`, lakini haiufungi. Sikuandika `commit()` ya kuuthibitisha, mchakato ukafa, muamala ukarudishwa nyuma, skripti ikatoka kwa sifuri. Midnight Commander iliamini ile sifuri, na ilikuwa na haki ya kuiamini. Sasa `copyin` baada ya `commit()` inasoma upya ilichoandika, inalinganisha baiti kwa baiti, ndipo inatoka kwa sifuri.

Mara ya pili iliandika kweli, na hapo ndipo palikuwa na uharibifu. Programu yangu nyingine inayosoma jedwali hilohilo ikaanza kuonyesha maelezo yakiwa na `b'` mbele. Nikauliza `typeof(maelezo)`, jibu likawa `blob`, yaani baiti tupu zisizohesabiwa kuwa maandishi. Nilikuwa nimesoma faili kama baiti nikaziingiza kama baiti, na SQLite haibadilishi blobu kuwa maandishi hata kama safuwima imetangazwa kuwa `TEXT`. Mbaya zaidi, blobu na maandishi kamwe havilingani: swali la `WHERE maelezo = '...'` halikuipata tena ile safumlalo, ingawa kwa macho maneno ni yaleyale.

Suluhisho lilikuwa palepale kwenye jina. Faili la maandishi linatolewa kama `118.txt`, la baiti kama `118.bin`, kulingana na `typeof()` ya thamani yenyewe, si tangazo la safuwima. `copyin` ikiona `.txt` inageuza baiti kuwa maandishi ya UTF-8 kabla ya kuandika, na zisipogeuka inakataa. Kihariri kikiongeza mstari mpya mwishoni ambao haukuwepo, unaondolewa, kwa kulinganisha na thamani ya zamani.

Hifadhidata ikiwa imeshikwa na programu nyingine, Python inasubiri sekunde 5 kwa kawaida kisha inasema imefungwa. Nimeliacha hivyo. Kusubiri zaidi ya hapo mtumiaji atadhani paneli imekufa.

Siku ya 12

Kuunganisha na Enter. Kwenye `~/.config/mc/mc.ext.ini` nimeweka:

    [sqlt]
    Type=SQLite 3
    Open=%cd %p/sqlt://

Nimeiweka juu, maana sehemu zinasomwa kuanzia mwanzo na ya kwanza kulingana ndiyo inayochukuliwa. Nimetumia aina ya faili badala ya mwisho wa jina, kwa kuwa hifadhidata nyingi za programu hazina `.db` wala mwisho wowote.

Kasi: kunakili mafaili 300 kutoka kwenye saraka moja ni kuanzisha Python mara 300. Niliendesha kwa `-X importtime` nikaona ninaingiza moduli ambazo `copyout` haizigusi kabisa. `csv` sasa inaingizwa ndani ya kazi inayoihitaji. Tofauti inaonekana kwa macho, ingawa gharama ya kuanzisha mchakato yenyewe siwezi kuiondoa.

Orodha ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu ya Midnight Commander kwa muda baada ya kutoka. Unapotaka kuona mabadiliko papo hapo, Ctrl-X kisha `a`, chagua hifadhidata yako, iachilie, ingia tena.

Siku ya 14

Kilichobaki kilikuwa majedwali yaliyoundwa kwa `WITHOUT ROWID`. Hayana rowid, kwa hiyo majina yangu yote hayakuwa na cha kubeba, na mpaka jana nilikuwa nayaruka. `PRAGMA table_info` inaonyesha safuwima zipi zimo kwenye ufunguo wa msingi na kwa mpangilio gani. Jedwali moja la alama lina ufunguo wa safuwima mbili, mwaka na kundi. Nimeunganisha jina la safuwima na thamani yake, kila kipande kikiwa kimefungwa kwa asilimia ili koma na alama ya sawasawa zilizo ndani ya thamani zisivuruge.

Nimeingia kwenye saraka ya `alama`, kisha `maoni`. Kuna faili linaitwa `mwaka=2023,kundi=B%2C2.txt`. F4, nimerekebisha neno moja, nimehifadhi. Kwenye dirisha la pili `typeof` inasema `text`, na kundi lililobadilika ni `B,2` peke yake.